Milimita Mbili kwa Saa

Mlango wa kwanza kugoma ulikuwa wa bafuni. Mzee aliusukuma kwa bega, ukafunguka kwa kelele, naye akaukaripia kama mtu anayemfukuza mbuzi jikoni. Kisha akaenda kuchukua randa. Mzee huyo alikuwa seremala kwa miaka arobaini, na nyumba ile ya mteremkoni aliijenga mwenyewe, chumba baada ya chumba, kila alipopata nafasi. Milango yote ilikuwa kazi ya mikono yake. Kwa hiyo hakuita fundi. Aliuchomoa ule mlango kwenye bawaba, akaulaza juu ya stuli mbili uani, akaupunguza upande mmoja na kuurudisha mahali pake.

"Mbao imevuta unyevu," alisema huku akipangusa mikono. "Nyumba inajinyoosha mgongo tu."

Mwezi ule ule binti yake ndiyo kwanza alikuwa amerudi nyumbani. Ndoa yake ilikuwa imevunjika bila kelele, kama kikombe kinachopata ufa ndani ya kabati, na mama yake alikuwa ameanguka kwenye ngazi za nje akavunjika nyonga. Alikuja kwa wiki mbili, na begi moja. Mfupa wa mama uliunga vibaya, mama hakusimama tena, na zile wiki mbili zikawa miaka mitatu. Begi lenyewe lilikuja kuliwa na panya stoo.

Kazini walimwita Milimita. Alikuwa mpimaji katika maabara ya udongo, watu wanaofuatilia jinsi ardhi inavyohama: mvua inavyoyavua mashamba ngozi yake, vilima vinavyoteremka polepole, tope linavyosafiri mtoni hadi likajaza mabwawa. Jina hilo alilipata mkutanoni, siku mkubwa wake aliposema "kama sentimita moja hivi," naye akanyoosha mkono mbele ya wageni na kusema, "Milimita nane." Jina likamganda. Hata nyumbani walilichukua, mama kwa mapenzi, baba kwa kejeli.

Mwaka wa pili, baada ya mlango wa tatu kugoma, alipanda mteremko nyuma ya nyumba na vipande ishirini vya nondo. Alivigongelea ardhini kwa mstari mmoja ulionyooka, akifuata kamba, kutoka kwenye jabali lililo upande wa kushoto hadi kwenye uzio wa jirani yao, fundi baiskeli. Msimu wa mvua ulipokwisha, alipanda tena na kamba yake. Vigingi vya jabalini na vya uzioni vilikuwa palepale. Vya katikati vilikuwa vimeiacha kamba na kuteremka, na mstari wote ulikuwa umepinda kama upinde. Nyumba yao ilikaa chini ya tumbo la upinde huo hasa.

Alilisema jambo hilo mezani, wakati wa chakula cha mchana.

"Kilima hakishikwi na mizizi peke yake, Baba. Kinashikwa na punje kukwaruzana na punje. Maji yakijaa katikati yao, zinaanza kuelea kidogo, mshiko unalegea, uzito wa juu unasukuma. Chini kuna udongo wa mfinyanzi, unateleza kama sabuni. Sisi tuko juu ya hiyo sabuni."

"Kilima hiki alikikuta babu yako," baba alisema. "Leo kianze kutembea kwa sababu wewe umekipigia misumari?"

"Kimetembea milimita thelathini na nane kwa msimu mmoja."

"Mimi mwenyewe nimepungua urefu kuliko hapo, na hakuna aliyenipimia kamba."

Mama aliyekuwa akinywa uji kitandani chumba cha nyuma, mlango ukiwa wazi, alicheka mpaka akapaliwa. Mazungumzo yakaishia hapo.

Kaka yake, mkubwa wao, alikuwa akifanya kazi mbali na kuendesha familia kwa simu. Yeye ndiye aliyeagiza dirisha la mama litiwe nondo nene kwa ajili ya wezi. Yeye ndiye aliyeamua kwamba mama asihamishwe. "Mgonjwa anahitaji utulivu," alisema kila Jumapili. "Na wewe upo hapo, hatuna wasiwasi." Milimita alilichukia hilo neno, upo. Mara mbili barua ilikuja ya kumpeleka kituo cha mtoni, kazi aliyoiota tangu chuoni, kupima tope linalopita kila mafuriko. Mara mbili alijibu kwamba hali ya nyumbani haimruhusu. Asubuhi alimwosha mama, akamgeuza, akampa dawa, akaenda kazini kupima vilima vya watu wengine. Jioni alirudi kwenye chake.

Kwenye ukuta wa chumba cha mama, juu ya kichwa cha kitanda, kulikuwa na ufa uliopanda kutoka sakafuni hadi darini. Alipigilia misumari miwili midogo, huku na huku ya ufa, na kila siku alipima nafasi kati yao kwa rula. Kwa kawaida ufa ulikula milimita mbili kwa mwezi. Mvua ikizidi, nne. Alikuwa ameuzoea kama mtu anavyozoea jino bovu.

Mwaka wa tatu mvua ilinyesha siku tisa mfululizo. Ilikatika Alhamisi, na Ijumaa jua likatoka kali, mbingu nyeupe pe. Baba alifungua madirisha yote, akaanika mazulia kwenye uzio, akasimama barazani mikono kiunoni.

"Haya, Milimita! Mvua imekwisha, na nyumba iko hapa. Utasema nini sasa?"

Binti yake alikuwa ametoka kusoma ufa kwa mara ya pili. Saa moja kabla, ulikuwa umeongezeka milimita tano tangu jana jioni. Sasa zilikuwa zimeongezeka milimita mbili nyingine. Alijipigia hesabu kichwani mara tatu, kwa sababu hakutaka iwe kweli.

"Mvua imekwisha juu, Baba. Chini haijafika. Maji yanapenya polepole, siku moja, mbili. Vilima vingi huanguka jua likiwa linawaka. Ufa unakwenda milimita mbili kwa saa. Kwa saa, Baba, si kwa mwezi. Tumtoe Mama sasa hivi."

"Tumpeleke wapi?"

"Kwa mama mdogo. Barabarani. Popote penye usawa."

"Mgonjwa wa nyonga umlaze barabarani kwa sababu ya rula ya shule!" Baba alikuwa amepandisha sauti. "Nyumba hii nimeitia msingi kwa mkono huu. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Ukiona imekuchosha, sema imekuchosha, usiisingizie."

Neno hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Aliingia chumba cha mama ili amvalishe, amwandae, na baba apende asipende angemwita fundi baiskeli wambebe. Alipoingia, hasira zilimzidi nguvu, akaubamiza mlango nyuma yake.

Nyumba nzima ilitikisika. Kutoka darini kilidondoka kipande cha plasta, kikavunjikia kwenye beseni la kuogea.

"Sasa huo ndio mlango wa watu wazima," mama alisema kutoka kitandani.

Alikuwa mwanamke mnene, mwenye macho mepesi, na miaka mitatu ya kulala ilikuwa imemnoa ulimi badala ya kuubutusha. Milimita alimwomba radhi, akamvua gauni la kulalia, akamfuta kwa kitambaa, akamvalisha nguo ya kutokea. Alimaliza kumfunga vifungo, akaenda kuufungua mlango ili amwite jirani.

Kitasa kilizunguka. Mlango haukusogea.

Aliuvuta kwa mikono miwili. Akauwekea mguu ukutani, akavuta tena. Haukutikisika hata kidogo. Alipoinua macho akaona kwamba mwimo mmoja, nguzo ya pembeni ya fremu, ulikuwa umelala kidogo upande, na pembe ya juu ya mlango imeng'atwa na fremu mpaka rangi imepasuka. Juu yake, kwenye linta, boriti ya zege inayobeba ukuta juu ya mlango, kulikuwa na mstari mpya, mwembamba kama unywele, ambao asubuhi haukuwepo. Ukuta ulikuwa umekaa juu ya mlango.

Akageuka kutazama dirisha. Nondo za kaka zilisimama imara, nene kama vidole gumba, zimechimbiwa ndani ya saruji pande zote. Nje yake, hatua moja tu, kulikuwa na ukingo wa udongo mwekundu uliokatwa wakati wa kujenga. Ulikuwa ukitoa jasho. Vijito vidogo vya maji yenye rangi ya chai vilichuruzika kutoka mahali ambapo hakukuwa na tundu.

"Baba!" aliita. "Mlango umekwama!"

"Uliubamiza mwenyewe," sauti ya baba ilijibu kutoka sebuleni. Kisha nyayo zikaja. Akausukuma mara moja, mara mbili. "Ngoja nilete msumeno. Naukata mwimo, dakika tano tu."

"Usiukate!"

"Nimeutia mimi, nitashindwa kuutoa?"

"Baba, nisikilize. Linta imepasuka. Mlango na fremu vimekuwa kitu kimoja, ndivyo vimebeba ukuta. Ukikata, ukuta unakuja. Na ukuta ukija, ukingo wa nyuma unakuja nao."

Alitarajia kelele. Alitarajia aambiwe habari ya rula na shule. Badala yake alisikia kitu kikigonga mwimo upande wa pili, taratibu, kuanzia chini kupanda juu. Ko, ko, ko. Baba alikuwa akigonga kwa mpini wa nyundo na kusikiliza, kama alivyokuwa akifanya zamani akichagua mbao. Chini mlio ulikuwa mzito. Kadiri mkono ulivyopanda, mlio ukawa mwembamba na mkavu, hadi pale pembeni juu ukalia kama ngoma iliyokazwa kupita kiasi.

Kugonga kukakoma.

"Umebeba," baba alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kweli umebeba."

Hapo ndipo Milimita aliogopa. Muda wote huo sehemu fulani ya moyo wake ilikuwa ikitumaini kwamba yeye ndiye aliyekosea.

Alikwenda kwenye ufa na rula. Ilikuwa saa sita kamili. Alichora alama ya penseli ukutani na kuandika saa. Milimita mbili zilizofuata zilitimia saa saba kasoro dakika ishirini: dakika arobaini badala ya sitini. Alijua maana yake. Kilima kikiwa kinakwenda mwendo mmoja, unaweza kuishi nacho. Kikianza kuharakisha, kila hatua ikichukua muda mfupi kuliko iliyotangulia, kina siku yake na saa yake, na mtu mwenye penseli anaweza kuikadiria. Alikuwa ameyaandika hayo kwenye ripoti nyingi, kuhusu vilima visivyo na kitanda ndani yake.

Huko nje baba alikuwa anamwita fundi baiskeli kwa sauti ambayo Milimita hakuwa amewahi kuisikia kwake.

"Rula inasemaje?" mama aliuliza.

"Inasema tuwe na subira kidogo."

"Muongo. Tangu utotoni ukidanganya unajikuna shingo."

Milimita akaushusha mkono. Akakaa ukingoni mwa kitanda. "Saa nane kasoro robo, Mama. Labda."

"Labda gani hiyo?"

"Labda nzuri, saa kumi. Labda mbaya..." Hakuimaliza.

Mama alitazama dari. Halafu akasema, "Ile barua ya kazi ya mtoni. Uliikataa kwa ajili yangu?"

"Tuache hayo."

"Tuache twende wapi? Mlango umefungwa. Mimi nilidhani unaogopa mamba."

Milimita alicheka, na kicheko kikamtoka na machozi. Mama akamshika kiganja.

"Sikiliza nikwambie. Nyumba hii nilichoka nayo siku ile ile ilipoezekwa. Chumba hiki jua halikifikii. Choo mbali. Ngazi zile za nje ndizo zilizonivunja nyonga. Lakini babako alizunguka vyumba vyote akigonga kuta kama bwana harusi anayehesabu zawadi. Ungemwambiaje? Nikasema nzuri. Nimesema nzuri miaka thelathini na sita. Tena na wewe nikakuona unaosha, unafagia, unapima, nikasema huyu kapapenda."

Ukutani kitu kilisema *tik*, sauti ndogo kama ya kijiti kinachovunjwa. Milimita aliruka na rula. Dakika ishirini na tano.

Simu yake ililia sebuleni, ambako aliiacha mezani. Ililia, ikalia. Hatimaye baba akaipokea, na wakamsikia akisema kwa sauti ya juu, "Mama yako hajambo! Yuko chumbani! ... Hapana, hawezi kuja kwenye simu! ... Kwa sababu mlango haufunguki, na hizo nondo zako za wezi nazo hazifunguki! Kata simu, nina kazi!"

"Mara yangu ya kwanza kumsikia akimkatia kaka yako simu," mama alinong'ona, akionekana kuridhika.

Baba akarudi mlangoni, pamoja na fundi baiskeli, mtu mrefu asiyependa maneno, aliyekuja na sululu na mtalimbo.

"Milimita," baba alisema. Safari hii jina halikuwa na kejeli. "Nipe kazi. Nivunje wapi?"

Aliangalia kuta nne kana kwamba ndiyo kwanza anaziona. Wa nyuma ulikuwa unasukumwa na kilima. Wa mlango ulikuwa umebeba linta. Wa kushoto ulibeba paa. Ulibaki wa kulia, unaopakana na stoo, ukuta mwembamba ulioongezwa baadaye kugawa chumba.

"Ukuta wa stoo," alisema. "Haubebi paa. Chini, karibu na sakafu, upande wa mbele, mbali na ufa. Tundu dogo, Baba, kiasi cha mtu kupita akiwa amelala. Na usigonge kwa nguvu. Tunatoa tofali moja moja."

"Itachukua saa nzima," fundi baiskeli alisema. Ndilo neno la kwanza alilolitoa.

Kisha baba akakohoa.

"Haitachukua. Ule ukuta... saruji iliniishia. Nilichanganya mchanga mwingi. Ukichokonoa kwa kijiko unatoka."

"Miaka yote hii unatuambia hii nyumba ni chuma!" mama alipaza sauti.

"Si sasa, mke wangu!"

Wakaanza. Kutoka stoo zilisikika kelele za madebe, sanduku, kabati likiburutwa. Ndani, Milimita alichukua mkasi wa mama, akapiga magoti, akaanza kukwangua kati ya matofali. Baba hakudanganya. Mchanga ulimwagika kama chumvi kwenye kopo. Tofali la kwanza lilitoka kwa mkono. Kwenye tundu ikatokea ncha ya mtalimbo, ikafuatiwa na jicho la baba, jekundu kwa vumbi. Walitazamana kwa nusu ya sekunde, wakaendelea kuchokonoa.

Tofali la tano, la sita. Nyuma yake ufa ulikuwa unatoa sauti bila kupumzika sasa, na hakugeuka kuupima. Mikono ilimwasha kwa kutaka kugeuka. Aliwaza jinsi atakavyokufa na rula mkononi, na jinsi watu wa ofisini watakavyosema alikufa kazini, akashangaa kwamba mawazo ya kijinga namna hiyo yanaweza kupata nafasi wakati kama ule. Harufu ya udongo mbichi ilikuwa imejaa chumbani. Chini ya dirisha, sakafu ilianza kuinuka kidogo, taratibu, kama kitu kinachovuta pumzi.

Tundu lilipofika upana wa mabega, alimshusha mama sakafuni pamoja na godoro, akaliburuta hadi ukutani, akamfunga kwenye blanketi kama mtoto mchanga.

"Miguu kwanza au kichwa?" mama aliuliza.

"Kichwa. Baba anavuta, mimi nasukuma. Itauma, Mama."

"Imeniuma miaka mitatu. Fanyeni."

Kichwa kilipita. Mabega yakapita. Kwenye nyonga akakwama.

Alikwama kabisa, nusu chumbani nusu stoo, matofali yamembana kushoto na kulia, na ile nyonga iliyounga vibaya ikagota ukingoni. Wakavuta, akapiga ukelele uliomfanya fundi baiskeli aachie. Milimita alikuwa nyuma yake, tundu lote limezibwa na mwili wa mama yake, hana pa kutokea hata kama angetaka. Akahisi vumbi linamwangukia kisogoni. Alikazana kupumua, na kila pumzi ilionekana fupi kuliko iliyotangulia. Kwa mara ya kwanza maishani mwake namba zilimpotea kichwani zote. Hakujua saa ngapi. Hakujua chochote isipokuwa miguu miwili mizito mikononi mwake.

Kisha akamsikia baba, kwa sauti ya chini ambayo haikukusudiwa aisikie.

"Mke wangu. Ulisema nyumba ni nzuri."

"Nilikudanganya," mama alisema huku anatweta.

"Nilijua. Vuta pumzi yote nje. Yote. Legeza mguu. Nitakuzungusha kidogo kama tulivyozungusha lile kabati la harusi. Tayari? Milimita, inua goti lake la kulia. Sasa!"

Aliliinua goti. Mama akatoa pumzi yote, akazunguka robo, tofali moja likabomoka lenyewe pembeni, na ghafla mikono ya Milimita ikabaki mitupu.

Alijitupa kwenye tundu nyuma yake. Alipopitisha kiuno, alifanya kile alichoapa kutofanya: aligeuza kichwa. Msumari mmoja ulikuwa bado ukutani. Wa pili haukuonekana. Palipokuwa na ufa, sasa mtu angeingiza mkono mzima.

Walimbeba mama juu ya blanketi, baba na fundi baiskeli mbele, Milimita nyuma, wakapita stoo, jikoni, baraza, wakashuka zile ngazi za nje, hadi barabarani kwenye usawa. Majirani walikuwa wameanza kukusanyika, na wengine walikuwa bado wanauliza mzee amepatwa na nini mpaka anavunja ukuta wake.

Nyumba haikuanguka kwa kishindo. Ilitoa sauti kama shuka nene inayopasuliwa polepole. Paa la nyuma likainama, vumbi likatoka madirishani, na mteremko wote ulio chini ya vile vigingi ukashuka pamoja na majani yake na vichaka vyake vikiwa vimesimama wima, kana kwamba vinasogezwa kwenye trei. Ulikwenda kama hatua mbili, halafu ukatua. Chumba cha mama kilijaa udongo hadi juu ya dirisha. Sebule, mbele, ilibaki na viti vyake na saa ya ukutani. Mazulia yaliendelea kukauka juani. Saa ya sebuleni, mtu mmoja aliyechungulia alisema, ilionyesha saa nane na dakika kumi.

"Ulikosea," baba alisema, akiwa amekaa kwenye jiwe kando ya barabara. "Ulimwambia mama yako nane kasoro robo."

Hakuna aliyecheka. Milimita alimfunika mabega kwa khanga ya jirani.

Walihamia kwa mama mdogo, mdogo wake mama, mjane mwenye vyumba vitatu katika eneo tambarare. Mtu angedhani mambo yamekuwa mepesi. Hayakuwa. Milimita alilala chumba kimoja na wazazi wake, pazia katikati, na usingizini alikuwa akisukuma miguu isiyokwenda, akaamka amebana pumzi. Baba aliacha kula vizuri. Maofisa walikuja wakaiwekea nyumba alama nyekundu, wakakataza mtu kuingia, na kila asubuhi mzee alivaa viatu akaenda kusimama mbele ya alama hiyo hadi adhuhuri. Mama aliumwa nyonga kuliko zamani. Kazi ya kuosha na kugeuza ikaendelea palepale ilipoachwa, ila sasa maji yalichotwa mbali zaidi.

Kaka alikuja. Alikaa siku nne, akapiga picha nyumba kutoka kila upande, akashauri mama ahamie kwake, ghorofa ya tatu.

"Ghorofa ya tatu nifanye nini, niwe njiwa?" mama alisema, na shauri likaishia hapo. Lakini safari hii Milimita hakunyamaza. Alimkalisha kaka yake kwenye kitanda, akamwonyesha jinsi ya kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza, akamfanya arudie mara tatu hadi shati likamlowa jasho. "Sasa unajua neno upo maana yake nini," alimwambia. Kaka alitazama chini. Alipoondoka aliahidi kurudi mwezi unaofuata kwa wiki tatu, na kwa mshangao wa kila mtu alirudi.

Barua ya kituo cha mtoni haikuja mara ya tatu. Ilibidi Milimita aende mwenyewe kwa mkubwa wake na kuiomba, na akapewa msimu mmoja wa majaribio, miezi minne. Aliporudi na habari, alijiandaa kwa maneno mengi. Mama mdogo alisema, "Nenda, mimi ni mtu mzima, nitamwosha dada yangu." Mama akasema awe mwangalifu na mamba.

Jumatatu aliyoondoka, baba alimsindikiza hadi barabara kuu ambako gari la kazini lingempitia. Alibeba begi lake na kukataa kupokewa. Njia nzima alizungumza juu ya dirisha la mama mdogo lililofungwa kichwa chini. Walipofika alilitua begi, akajifuta jasho, akatazama upande gari linakotokea.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini, Baba?"

"Kwamba kilima kinatembea. Kabla hujapiga vigingi. Milango yote niliipunguza upande mmoja, pembe ile ile. Seremala gani asingeona? Mbao ikivuta unyevu haichagui pembe."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, tungekwenda wapi?" Mzee aliinua mikono, akaishusha. "Nilikaa nikifikiri nitapata jibu la hilo kwanza, ndipo niseme. Jibu halikuja. Nikawa napunguza milango."

Gari lilikuja wakati huo huo, na dereva akawa na haraka. Milimita aliingiza begi, akaupokea mkono wa baba yake, akaushika muda mrefu kuliko kawaida, akapanda. Alimkasirikia mpaka walipovuka daraja la pili. Kisha hasira ikamtoka yenyewe, akabaki na usingizi wa miaka mitatu, na dereva alilazimika kumwamsha walipofika.